Kirikuu haihitaji tairi kubwa, inahitaji tairi la mzigo

Msimu wa korosho ukikaribia, kirikuu nyingi, vile vigari vidogo vya mizigo, hapa Mtwara hupelekwa kwa mafundi tairi, na ushauri unaotolewa ni uleule: toa ndogo, funga kubwa, gari liinuke. Mimi nasema hapana. Suzuki Carry nyingi tunazoendesha zimekuja na 145R12, yaani upana milimita 145 na rimu ya inchi 12, na saizi hiyo ibaki. Cha kukomalia dukani ni uzito ambao tairi linaruhusiwa kubeba.

Chukua 145R12: kimo chake ni karibu milimita 537. Ukifunga 155R13 unafika 578, nyongeza ya karibu asilimia 8. Injini ni ileile ya cc 660, lakini kila gia sasa imekuwa nzito. Panda uwanda wa Makonde kwenda Newala na mzigo nyuma, utaona gia ya pili inavyoshindwa, unarudi ya kwanza, klachi inaanza kunuka. Mshale wa spidi nao unadanganya: unasoma 60, kumbe uko karibu 65. Ukikata kona hadi mwisho, tairi linaweza kusugua madigadi.

Wanaotetea tairi kubwa hutaja mchanga, hasa njia ya Msimbati. Kwenye mchanga punguza upepo kidogo, pita taratibu, kisha jaza kabla hujarudi kukimbiza gari kwenye lami. Inasaidia kuliko kuinua gari.

Sasa kinachonikera kweli. Inama usome ubavu wa tairi. Utakuta mawili yote yameandikwa 145/80R12, yanaingia rimu moja, ukiyatazama huoni tofauti. Moja lina 74 mwishoni, ndiyo namba ya uzito, hilo ni la gari dogo la kutembelea na mwisho wake ni kilo 375. Jingine lina 80/78, nguvu ya plai 6 (plai ni kipimo cha uimara wa tairi), na linabeba kilo 450. Lipo pia 145R12 la plai 8, huandikwa 86/84, kilo 530. Halafu mtu anafunga lile la 74 kwa sababu ni la mtumba na bei imeshuka, anapakia magunia, anaingia barabarani saa nane mchana. Ubavu unabonyea kila linapozunguka, joto linapanda, tairi linapasuka. Nyuma kuna vibarua wamekaa juu ya magunia, jamani!

Plai 8 nayo isikupe kiburi. Carry hizi za Japani zimeruhusiwa kilo 350 za mzigo, na gunia moja la korosho ni karibu kilo 80. Magunia matano yameshapita. Breki na ekseli hazikubadilishwa ulipobadilisha tairi.

La mtumba, hata kama kashata (meno ya tairi) bado nene, tafuta tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa ujue umri wake: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Nawaomba wauza tairi wetu, mteja akisema "nipe 145", muulizeni kwanza gari lake linabeba nini.