Tundu kwenye moyo wa mtoto: ni damu ya ukoo au mama alikula nini?

Mtoto akigundulika ana tundu kwenye moyo, ndugu hapa Dar wanagawanyika siku hiyohiyo. Upande wa baba wanasema kwetu hakuna ugonjwa huo, upande wa mama nao wanaapa hata kwao hakuna, afu mawifi wanaanza kukumbuka kwamba wifi yao alikuwa anakula sana udongo, alikuwa anapanda bodaboda na mimba ya miezi saba, na mambo mengine kibao. Siku hizi ubishi huo umepata maneno ya kisomi. Kuna wanaosema ni jeni tu na hakuna wa kulaumiwa, na kuna walioanza kuongelea epijenetiki, kwamba mazingira ya tumboni ndo yanaamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze, kwahiyo mama angejitunza haya yasingetokea. Mimi naona pande zote mbili zina ushahidi wa maana na zote mbili zinautumia vibaya.

Tuanze na jeni. Duniani karibu mtoto 1 kati ya 100 anazaliwa na hitilafu ya moyo, kubwa au ndogo (sisemei moyo unaoharibika baadaye kwa homa ya rumatiki baada ya maambukizi ya koo yasiyotibiwa, huo ni ugonjwa mwingine japo kwenye benchi la kliniki ya moyo wanakaa pamoja). Watoto wenye Down sindromu, wale wenye kromosomu (vifurushi vya jeni ndani ya seli) ya 21 tatu badala ya mbili, karibu nusu yao wana shida ya moyo. Kuna wengine wamezaliwa na kipande kidogo cha kromosomu ya 22 kimekatika, na hao robo tatu hivi wanapata hitilafu, ikiwemo ile ya Fallot (kasoro nne za moyo kwa pamoja) ambayo unamuona mtoto anakimbia kidogo tu, midomo inakuwa bluu, anachuchumaa katikati ya mchezo bila kuambiwa na mtu, wenzake wanadhani anadeka. Na kuna jeni mojamoja zinazojulikana, mfano NKX2-5 iliyohusishwa mwaka 1998 na familia ambazo tundu linarithiwa pamoja na shida ya umeme unaoendesha mapigo ya moyo.

Sasa wadau wa "kwetu hakuna" wanapigwa chenga hapa. Makosa mengi ya kijeni hayarithiwi kabisa, yanatokea upya kwenye yai au mbegu, wazazi wote wazima na babu na bibi wazima. Kwahiyo ukoo kuwa safi sio ushahidi wa kitu chochote. Tena yale mabadiliko mapya madogomadogo ya DNA (ule uzi ambao jeni zimeandikwa), karibu manne kati ya matano yanatoka upande wa baba, na yanaongezeka kadiri baba anavyozeeka. Sijawahi kusikia kikao cha ukoo ambacho mtu amenyanyua mkono akauliza mzee alikuwa na miaka mingapi alipozaa huyu mtoto. Anayeulizwa alikula nini ni mama peke yake.

Haya, epijenetiki. Kwa lugha ya mtaani, nyaya za nyumba zipo sawa ila kuna mtu anawasha na kuzima swichi. Kwenye seli swichi hizo ni alama za kikemikali zinazobandikwa juu ya DNA au kwenye histoni, yale mapande ya protini ambayo DNA imejizungushia. Moyo ukiwa unatengenezwa, swichi inatakiwa iwashwe mahali sahihi kwa wakati sahihi, ikichelewa kidogo ukuta wa katikati haufungi. Na ushahidi kwamba mazingira yanagusa moyo upo, tena wa zamani. Mwaka 1941 daktari wa Australia, Norman Gregg, aliona watoto wa kina mama waliougua rubela mapema kwenye mimba wanazaliwa na mtoto wa jicho na wengi wana shida ya moyo. Mama mwenye kisukari kabla ya mimba, hasa kisichodhibitiwa, hatari kwa mtoto inapanda mara kadhaa. Panya wa maabara waliopewa jeni ya Notch1 pungufu, mama zao wakiwa na kisukari, walipata matundu mengi kuliko wale waliokuwa na tatizo moja tu kati ya hayo mawili. Hapo jeni na sukari vimeshikana mikono, huwezi kumlaumu mmoja.

Ila kinachonifurahisha zaidi ni utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 uliosoma jeni za watoto wenye hitilafu kubwa za moyo na za wazazi wao. Mabadiliko mapya yalikuwa yamejazana kwenye jeni za kazi moja, zile zinazobandika na kubandua alama kwenye histoni. Yaani jeni ndio imeharibika, lakini kilichoharibika ni fundi wa swichi. Sasa niambie hapo ni jeni au epijenetiki? Ubishi wote wa kwenye kikao unakosa mahali pa kukaa.

Upande wa epijenetiki nao una tobo lake, na wanaouza virutubisho mitandaoni hawalisemi. Huwezi kuchota kipande cha moyo wa kijusi cha wiki 5 ukakipima. Watafiti wanapima damu, au nyama iliyotolewa wakati wa upasuaji, muda ambao moyo umeshateseka miezi au miaka. Alama wanazokuta zinaweza kuwa chanzo, na zinaweza kuwa matokeo ya moyo mgonjwa. Kutoka hapo hadi kumwambia mama fulani wa Mbagala kwamba chakula chake kilizima jeni ya mtoto ni kumwonea tu.

Hata foliki asidi, vitamini ambayo inahusika na utengenezaji wa hizo alama, ushahidi wake kwenye kuzuia hitilafu za uti wa mgongo ni mzito kuliko kwenye moyo. Kanada baada ya kuweka foliki kwenye unga mwaka 1998 waliona baadhi ya hitilafu za moyo zinapungua, tafiti nyingine hazijasema kwa sauti kubwa hivyo. Mimi bado nasema imezwe, haina gharama. Tatizo letu ni kalenda. Moyo unajengwa kati ya wiki ya 3 na ya 8, na wengi tunaenda kliniki mimba ina miezi minne, mitano, ndo unapewa FEFO (vidonge vya madini ya chuma na foliki) na kadi, wakati kuta za moyo zilishafungwa au zilishashindwa kufunga.

Kwahiyo ikiulizwa hela ziende wapi, mimi naanza na kupima sukari na kutoa foliki kabla mtu hajabeba mimba, na chanjo ya surua na rubela ambayo tayari tunayo. Mashine za kusoma jeni zisubiri, maana hapa hata ukitaja DNA watu wanawaza Mkemia Mkuu na mtoto wa nani.

Lakini mzazi mwenye mtoto wa ile kromosomu ya 22 ana haki ya kunibishia, na sina jibu zuri la kumpa. Mtoto wake anaweza kufanyiwa upasuaji pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili, tundu likazibwa vizuri kabisa, afu nyumbani akapata degedege kwa sababu kalsiamu imeshuka, au akawa anaugua kila wiki kwa sababu kinga ni dhaifu, vitu ambavyo vinaendana na kile kipande kilichokatika. Bila kipimo cha jeni kila shida inatibiwa kivyake. Na wakitaka kuzaa tena, kama wazazi wenyewe hawana tatizo hatari ni ndogo sana, ila kama mmoja wao anabeba kasoro hiyohiyo bila kujijua, inafika nusu kwa nusu kila mimba. Huwezi kuwatofautisha wazazi wa aina hizo mbili kwa kuwaangalia usoni, wala kwa kuwauliza mawifi.