Kurasa za nyuma za daftari la michango

"Mwanangu, ile meli ilikuwa ya nani?"

Mama mdogo aliniuliza hivyo wiki ya pili tangu arudi nyumbani, amekaa mkekani anachambua mchele. Nikadhani kasikia jambo kwenye taarifa ya habari. Kumbe anauliza meli aliyofungiwa yeye. Mabaharia walimfunga mikono, chombo kikayumba usiku na mchana, na kila akitaka kupiga kelele sauti haitoki. Alisimulia kwa sauti ya chini huku akiutazama mlango, asije akasikiwa na mtu akaambiwa amerukwa na akili.

Hakupanda meli yoyote. Alilala siku 11 ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, kwa nimonia, mpira wa mashine ya kupumulia kooni, kwenye usingizi wa dawa. Tukamjibu kama wengi wanavyojibu: hayo ni maruweruwe tu mama, mshukuru Mungu umepona. Akanyamaza. Tangu siku hiyo akawa halali taa ikizimwa.

Kilichomsaidia tulikipata kwa bahati. Familia nyingi zenye mgonjwa ICU huwa na kaunta buku la michango: nani katoa ngapi, dawa gani zimenunuliwa, risiti zimebanwa kwa pini. La kwetu alilishika dada yangu, mtu asiyeweza kuandika "bendeji 4" bila kueleza ni za nini. Chini ya tarehe mojawapo aliandika: "Bendeji 4, nesi anamfunga mikono asivute mpira. Amemwambia pole kabla ya kumfunga." Kesho yake: "Wamemlaza godoro la upepo, linajaa na kupungua lenyewe asipate vidonda."

Nilimsomea. Akataka nirudie hapo pa godoro. Nikarudia.

"Kumbe ndilo lililokuwa linayumba," akasema. Na sauti je? Nikamweleza kwamba ule mpira hupita katikati ya nyuzi za sauti, hakuna anayeweza kusema nao. Aliweka ungo chini akacheka, mara ya kwanza tangu atoke hospitali.

Nimesoma mengi kuhusu jambo hili tangu siku ile. Mgonjwa mahututi hupata vipande vipande tu vya yanayotokea: dawa za usingizi, homa, king'ora cha mashine, taa isiyozimwa, mikono ya watu asiowaona sura. Ubongo huviunga vipande hivyo kuwa kisa, na mara nyingi kisa chenyewe ni cha kutekwa au cha watu wanaotaka kumuua. Akizinduka, ugonjwa hana habari nao, ila kisa anakikumbuka vizuri kuliko harusi yake. Ukimwambia hakikutokea, umemnyang'anya kumbukumbu pekee aliyonayo ya siku zile na hujampa nyingine mahali pake.

Wauguzi wa nchi za Skandinavia waliligundua hili zamani. Tangu miaka ya 1980 na 1990 wamekuwa wakiandika shajara kwa ajili ya mgonjwa, kwa lugha ya kawaida na wakati mwingine na picha, ili aje aisome akipata nguvu. Mwaka 2010 Christina Jones na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 352 katika nchi 6 za Ulaya: waliopewa shajara mapema, asilimia 5 walipata ugonjwa wa kiwewe, yaani hofu inayomganda mtu baada ya tukio la kutisha; waliocheleweshewa, asilimia 13. Lakini mwaka 2019 Wafaransa wakajaribu kwa wagonjwa 657 katika ICU 35, na tofauti waliyoiona haikutosha kuthibitisha kwamba shajara inakinga kiwewe. Kwa hiyo sisemi daftari ni dawa. Nasema mtu ana haki ya kujua siku zake zilikwenda wapi.

Wapo watakaosema manesi wetu wana kazi nyingi mno. Kweli. Lakini sisi ndugu tunakaa kwenye mabenchi ya nje saa nzima nzima tukisubiri muda wa kuona mgonjwa, tunaperuzi simu. Tuandike sisi, nesi akipata nafasi aongeze sentensi moja. Dada yangu alianzia kurasa za mbele kwa hesabu. Kurasa za nyuma zilikuwa tupu zote.

Mtu asiniambie kwamba kundi la WhatsApp linatosha. Mama mdogo alifungua la kwetu mwenyewe, bila mtu pembeni, akakutana na picha yake amevimba uso, na chini yake mjomba anauliza bei ya basi la kwenda kijijini, endapo. Ile "endapo" ilimliza siku mbili. Daftari lasomwa pamoja na mtu aliyekuwepo, mgonjwa akitaka mwenyewe, na likifika ukurasa mgumu linafungwa. Wala usiandike majibu ya vipimo ambayo asingependa mawifi wayasome.

La kwetu lina pengo. Ijumaa ya kwanza haikuandikwa kitu, kwa kuwa siku hiyo hakikununuliwa kitu. Mama mdogo ameshaniuliza mara tatu nani alishinda naye Ijumaa. Dada anasema alikuwa yeye, mimi nakumbuka nilikuwa mimi.