Sikumbusu Mwenyekiti, Nilikuwa Nafukuza Nyuki

Jamani kabla hamjaendelea kusambaza naomba na mimi mnisikilize. Ile voisi noti ya jamaa yangu (simtaji, ila anajijua, na hela yangu ya gesi hajarudisha mpaka leo) inayosema "huku Rau kuna mtu kambusu mwenyekiti wa jumuiya kwenye upara katikati ya sala ili apewe barua ya ndoa" imeshafika mpaka Himo kwa mama mkubwa. Kanipigia leo asubuhi, salamu hakuna, habari za mji hakuna, anauliza tu, "Ulimbusu kweli?"

Sikumbusu. Nilikuwa napuliza. Kubusu na kupuliza ni vitu viwili tofauti hata kama mdomo unakaa vilevile.

Na naandika kwa sababu kuongea siwezi, mdomo wa juu umeumuka kama andazi, nikisema "baba" inatoka "fafa".

Haya. Wanaonifuata siku nyingi mnajua habari za ndege wangu. Nilianza na ile chupa ya maji ya lita moja na nusu, unaitoboa, unapitisha miiko miwili ya mbao, unajaza ulezi, unaning'iniza kwenye mparachichi. Ulezi nanunua Mbuyuni. Na walikuja aisee, tongo, vile videge vidogo vya kahawia vyenye kichwa cheusi, wanabanana kwenye mwiko mmoja na mwingine uko wazi, shomoro nao wakaleta ubabe wao. Ikaingia masika, maji yakapita kwenye matundu, ulezi ukalowa, na mimi nilikuwa bize sikuangalia, kuja kushtuka umeota humohumo kwenye chupa. Shangazi yangu kutoka Kibosho akaishusha, akanusa, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, unatengeneza kimea?" Akasema tukianika mbege inatoka, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi. Nikamwaga, maana nafaka ikishaota ukungu inawaumiza ndege, unamwaga yote, unaosha chupa, unaikausha kabisa ndio ujaze upya. Shangazi alisikitika sana siku ile.

Nikahamia kwenye kibao cha wazi na vipande vya papai. Kosa la jinai. Kunguru wakahamia, makombo yakidondoka usiku panya wanafanya harusi, halafu asubuhi moja hondohondo akatua. Yule sio ndege wa kukaa kwenye kibao cha kamba za viatu, yule ana kilo na ushee. Kibao kikashuka na papai lake, yeye akaruka zake anapiga yowe mpaka jirani akatoka na panga.

Ndio nikaona klipu ya Marekani, vile videge vinaelea hewani vinanyonya maji ya sukari kwenye chombo chenye kifuniko chekundu. Nikasema hiki ndicho nilichoumbiwa. Jamaa yangu (huyohuyo wa voisi) akacheka nusu afe, kwamba wale wako mabara ya Amerika peke yake, ningewasubiri mpaka Kristo arudi, huku kwetu tuna chozi, kale kandege ka mdomo mrefu kanakonyonya maua, na chozi akinywa anapenda kutua, kwa hiyo funga kijiti. Kuna chozi mpaka kule juu mlimani kabisa kwenye baridi, anakula kwenye ile mimea mikubwa ya lobelia, sasa atashindwaje kuja Rau kwenye sukari ya bure?

Nikatengeneza changu kwa chupa ya kupindua yenye kifuniko chekundu, nikafunga kijiti. Kikombe kimoja cha sukari, vinne vya maji, unachemsha, unapoza. Rangi usiweke, uwekundu wa kifuniko unatosha. Asali usiweke, inaleta ukungu. Na kwa joto la Moshi kila baada ya siku mbili tatu unamwaga unaosha, la sivyo inachacha tukarudi kulekule kwa shangazi. Sisimizi nao nikawapatia dawa, kikopo cha maji juu kwenye waya, akishuka anaishia kuogelea. Nilijiona injinia.

Chozi hakuja. Nyuki walikuja.

Nikasema sio mbaya, na wao ni viumbe. (Najua mnachotaka kusema. Subirini.)

Sasa Jumamosi ilikuwa zamu ya kwangu kupokea jumuiya. Na mimi nilikuwa na shida na barua. Wakatoliki mnaelewa, huwezi kwenda parokiani kusema unataka kuoa kama jumuiya haikutambui, na mwenyekiti wetu ni mzee wa kunyooka, mstaafu, anaandika mahudhurio kwa peni nyekundu, na mahudhurio yangu mimi tuyaache. Kwa hiyo nilijipanga. Viti vya plastiki nimeazima kwa majirani, chai ya maziwa chupa tatu, mihogo, meza na kitambaa cheupe na mshumaa. Kiti cha mzee nikakiweka pazuri kuliko vyote, chini ya mparachichi, anatazama mlima. Chupa ilikuwa juu yake pale. Niliiona! Hata nikajisemea chozi akitua katikati ya Injili, mzee ataguswa, barua atasaini hapohapo.

Kulikuwa na kijibaridi. Wimbo ukaimbwa, somo likasomwa, mzee kavua kofia kaiweka gotini, upara unang'aa. Jua likapanda, likavuka paa la jirani, likaipiga ile chupa.

Na hapa ndipo fizikia ya kidato cha pili iliponipita. Chupa imepinduliwa, nusu maji nusu hewa. Hewa ikipata moto inatanuka, ikitanuka inasukuma maji, na maji hayana pa kutokea isipokuwa chini. Chupa ikiwa imejaa afadhali, hewa ni kidogo. Yangu nyuki walikuwa wameshainywa nusu.

Tuko kwenye maombi, wote tumefumba macho. Mama mmoja anaombea, na yule mama akianza haachi kitu, kaombea mvua, kaombea wagonjwa mmoja mmoja, sasa yuko kwa wanafunzi wa darasa la saba. Nikasikia "tap". Nikafumbua jicho moja.

Tone lilikuwa limetua kwenye upara wa mzee, katikati kabisa. Mzee nyusi zikacheza kidogo, akatulia, nadhani alijua ni umande. Nikatazama juu. Lingine linatoka kwenye kitundu, linavimba, linaning'inia pale linafikiria, halafu likajiachia. Tap. La tatu likakosa pa kukaa, likateleza taratibu likapita nyuma ya sikio likaingia kwenye kola. Mzee hajatikisika. Yule mzee anasali kwa dhati, hilo naweza kwenda kulitolea ushahidi popote.

Akaja nyuki. Mmoja. Akazunguka, akatua juu ya lile tone, akainama akaanza kunywa. Akimaliza hapa anatembea mbele kidogo anakunywa pale, namwona na miguu yake, mkia unapanda unashuka. Yani ule upara ulivyo msafi alikuwa anatembea na kivuli chake.

Sasa wewe ungefanya nini? Ukisema "mzee usitikisike", umekatisha sala na umemtisha. Kumpiga yule nyuki, nakiri kitabu cha nyimbo kilikuwa mkononi na nilishaanza kupima umbali, lakini picha ya mimi kumkung'uta mwenyekiti kichwani na kitabu cha nyimbo siku ninayotaka barua, hapana. Nikasema nimpulize tu aende zake.

Nikanyanyuka polepole, kile kiti cha plastiki kikalia "kwiii", hakuna aliyefumbua. Nikasogea. Nikapuliza kidogo, fuu. Nyuki akang'ang'ania. (Baadaye mtu mwenye mizinga ananiambia pumzi ya binadamu inamkera sana nyuki. Asante, ungesema Ijumaa.) Nikasogea zaidi. Mikono nimeiweka huku na huku kwenye mgongo wa kiti chake nisianguke, mdomo nimeukunja, kati ya mdomo wangu na ule upara hata kiberiti hakipiti, na ndio yule mama akaamua kumaliza.

"Ee Bwana!"

"Twakuomba utusikie!" Jumuiya nzima. Macho yote yakafunguka.

Naomba mfikirie walichokiona.

Mzee akahisi joto la pumzi, akainua uso. Tukatazamana, mimi juu yeye chini, nimeukunja mdomo bado, sijui kwa nini sikuukunjua, ulikuwa umegandia hapo. Akaniuliza kwa sauti ya chini sana, "Kijana?" Hilo tu. Mtoto mmoja nyuma akasema "Mama, anambusu babu," na kwa taarifa yenu jamaa yangu wa voisi alikuwa amekaa pembeni ya huyo mtoto, chanzo chake cha habari ni mtoto wa chekechea.

Nikafungua mdomo nijieleze, na nyuki akahama upara akaja kwenye mdomo.

Nikapiga kelele, "YESU NA MARIA!" na bibi mmoja, mazoea tu, akaitikia "mtuombee!"

Nikaruka. Kichwa kikagonga chupa. Kifuniko kikaachia, na ile nusu lita yote ikammwagikia mzee, na ilipoisha, kile kikopo cha juu nacho kikapinduka na maji yake na sisimizi waliokufa tangu Jumatano.

Kilichofuata kilienda haraka. Viti vikaruka, mshumaa ukazimika, kina mama wakabeba chai kwanza watoto baadaye, wote ndani, mlango ukafungwa. Namshukuru Mungu hakuna mwingine aliyeumwa. Nasikia nyuki akichoma anaacha harufu ya kuwaita wenzake, na inafanana na ndizi mbivu, sasa mimi mdomoni kulikuwa na mkungu mzima. Mwiba nilikwangua na ukucha, ukiuchelewesha unaendelea kusukuma sumu. Mzee akaoga kwangu. Shati linanata, ikabidi nimpe fulana, na mzee ni Yanga damu damu, na fulana safi iliyokuwepo ni nyekundu. Alimalizia Baba Yetu akiwa nayo.

Chupa nimeitupa. Chombo cha sasa ni kile cha kisahani chenye mfuniko, maji yanakaa chini ndege anachovya mdomo kwa juu, jua likiwaka hakidondoshi, na nyuki hafikii. Nimekitundika nyuma, kivulini, hakuna kiti kinachofika huko. Na aliyetengeneza ile stika ya WhatsApp ya upara na midomo, nakujua, arusi yangu utakaa meza ya nyuma karibu na spika.

Kama ipo. Maana barua nilienda kuichukua jana baada ya Misa, nimefunika mdomo na leso. Mzee kanipa bahasha kavu, hajasema neno, fulana yangu kaifua na kuipiga pasi. Nikaipeleka kwa padre bila kuifungua. Padre akaisoma, akanitazama mdomo, akairudia kuisoma kwa sauti: "Mahudhurio yake si ya kuridhisha, ila ni muumini mwenye upendo uliopitiliza kwa viongozi wake."

Sahihi ipo. Muhuri upo. Padre alitoka nje akanicheka akiwa kwenye korido, nilimsikia.