Ukuta wa Kugawia Tu

"Huu ni wa kugawia tu," fundi alisema, baada ya kuugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Akaugonga tena pembeni kidogo, akaridhika. "Haubebi kitu, bosi. Tukiutoa, jiko na sebule vinakuwa kitu kimoja."

Mimi nani nimbishie? Mtu anayegonga ukuta halafu akasubiri jibu lazima anajua anachofanya. Mke wangu ndiye aliyeuliza mbona fremu ya mlango wa jiko ni pana kuliko fremu nyingine zote za ndani. Fundi akamjibu kwamba wazee wa zamani walipenda kujenga nene, matofali yalikuwa bwerere.

Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea, hakusema neno. Ni mwalimu mstaafu wa hisabati, na walimu wa hisabati hawakurupuki. Aliutazama ukuta, akatazama dari, akamtazama fundi kuanzia miguuni hadi utosini, kisha akapanda zake ghorofani kuoga.

Kazi ilianza vizuri, na hapo ndipo penye ulaghai wa ukuta wa matofali. Ukitoboa tundu dogo, hakuna kinachotokea. Matofali ya juu ya tundu yanaegemeana, yanajishikilia yenyewe kwa umbo la pembetatu, na uzito unapita kushoto na kulia kwenda chini kama kawaida. Fundi alitoboa tundu la kichwa, akapitisha kichwa, akatuchekea tukiwa upande wa pili. "Mnaona?" Akalipanua la kupita mtu. Akapita, akarudi. Saidia fundi wake akawa anasomba kifusi kwa toroli huku anapiga mluzi. Mimi nikashika nyundo nipigwe picha. Tundu likafika upana wa kupitisha kitanda.

Wanaojua wanasema kadiri tundu linavyopanuka ndivyo ile pembetatu inavyokua kwenda juu, na ikishafika kwenye mihimili ya sakafu ya ghorofani, mchezo umekwisha. Sisi tulijua kwa sauti. Kwanza "tiki." Kisha kimya. Kisha mlio mrefu wa mbao, kama mtu mnene anayejigeuza kitandani. Mstari mwembamba ukatokea darini, ukatembea taratibu kutoka ukutani mpaka kwenye taa, ukaizunguka taa, ukaendelea na safari yake. Vumbi jeupe likamdondokea fundi kwenye paji la uso. Hakulifuta.

Saidia fundi ndiye aliyekuwa na akili ya haraka kuliko sote. Alitoka nje na hakurudi. Toroli lake tulimpelekea baadaye.

Mimi nilidaka fagio la mpini mrefu nikaliegemeza dari. Watu wananicheka mpaka leo kwa lile fagio. Lakini nauliza: baada ya mimi kuliweka, nyumba ilianguka? Fundi naye akasimamisha ubao, akakuta ni mfupi, akaweka ndoo chini yake. Bado mfupi. Ikabidi juu ya ndoo apange matofali yaleyale aliyotoka kuyafukuza kazi.

Ndipo tukasikia kitasa kinatikiswa huko juu. Kikatikiswa tena kwa nguvu.

"Mlango haufunguki," mama mkwe akaita kutoka bafuni.

Mke wangu akatoka uani na simu sikioni, anatafuta mhandisi wa majengo. Fundi akapanda ngazi. Mimi nilibaki na fagio langu, na kwa kuwa dari ilikwishafunguka, nilisikia kila kitu vizuri tu.

"Shikamoo, mama," fundi akasema kupitia mlangoni.

"Marahaba. Mnafanya nini huko chini?"

"Tunarekebisha jiko kidogo, mama. Mlango umevimba tu. Si unajua mbao na mvuke."

Hakujibiwa. Baadaye ndiyo tulijua mama mkwe alikuwa anafanya nini muda ule. Alichukua mkanda wa gauni lake, akaunyoosha kutoka kona ya juu ya fremu hadi kona ya chini ya upande wa pili, akabana kwa vidole pale ulipoishia. Kisha akapima zile kona mbili nyingine.

"Fundi," akasema, "mstatili ukiupima kona kwa kona unapata nini?"

"Mama?"

"Nimekuuliza swali."

"Unapata... vipimo, mama."

"Vipimo vinavyolingana. Hapa kimoja kimezidi kwa upana wa kidole gumba. Mlango haujavimba. Fremu imeacha kuwa mstatili, imekuwa msambamba. Mmevunja nini?"

Kusema kweli fundi alijitahidi. Alisema ukuta wa kugawia tu.

Mhandisi alipofika hakusalimia. Aliangalia tundu, akaangalia juu, akauliza, "Ghorofani kuna mtu?" Nikamwambia kuna mama mkwe, yuko bafuni. "Bafu liko upande gani?" Mikono yangu ilikuwa na kazi, nikamwelekeza kwa kidevu. Kidevu kilielekea juu moja kwa moja.

Lipu ilikuwa imebanduka vya kutosha, kwa hiyo alituonyesha bila kupanda popote. Mihimili ya mbao inayotoka mbele ya nyumba na ile inayotoka nyuma zote zilikuja kukutana juu ya ukuta wetu, zikalaliana hapo hapo. Maana yake ukuta ulibeba nusu ya uzito wa sakafu ya mbele na nusu ya uzito wa sakafu ya nyuma, na juu yake umekaa ukuta wa bafu. "Na mama mkwe," nikaongezea. Mhandisi hakucheka.

Ziliingizwa jeki za chuma, safu moja kila upande wa tundu, zikalaziwa mbao nene juu na chini ili zisitoboe dari wala sakafu. Mhandisi akaanza kuzikaza kidogo kidogo, anazunguka kutoka hii kwenda ile. Nyumba iliyokaa chini, alisema, haiinuliwi kwa pupa. Ukiivuta kwa mkupuo lipu inapasuka kila chumba na vioo vinafuatia. Leo tunaizuia isishuke zaidi, kuinua kwenyewe kutaenda siku hadi siku. Kisha akaniambia naweza kuliachia fagio. Nikamuuliza kama ana uhakika.

Neno "siku hadi siku" lilifika bafuni kupitia ufa.

"Siku hadi siku nani?" mama mkwe akauliza.

Hapo fundi akaona nafasi ya kujisafisha. Alikwea ngazi na msumeno, na kabla mhandisi hajamaliza kusema "ngoja," alikuwa ameshakata kona ya juu ya mlango, palepale ulipobanwa na fremu. Mlango ukaachia. Mama mkwe akatoka na taulo kichwani, akampita fundi bila kumtazama, akashuka, akasimama mbele ya tundu. Alilikagua muda mrefu. "Sifuri," akasema, na hakufafanua kama ni ukuta, fundi, au mimi.

Ukuta uliobaki uliondolewa, boriti ya chuma ikapanda, ncha zake zikakalia nguzo mbili mpya zilizochimbiwa msingi wake zenyewe. Jiko limekuwa la wazi kweli, ingawa kila mgeni mrefu huinama chini ya boriti wakati haimfikii. Dari ilirudi mahali pake. Fremu ya bafu nayo ilinyooka ikawa mstatili safi, mama mkwe aliipima mwenyewe kwa mkanda.

Tatizo ni kwamba mlango ulikatwa ukae kwenye msambamba. Sasa kila ukiufunga, kona ya juu inabaki wazi, pembetatu inayotosha kupitisha mkono, sauti na maoni. Mama mkwe akiwa bafuni anachangia mazungumzo ya sebuleni bila kupandisha sauti. Amesema haondoki mpaka aione imezibwa kwa macho yake, na fundi hapokei simu.