Damu Yangu Ilikuwa Tamu

Kosa langu la kwanza lilikuwa sukari.

Nafundisha huduma za dharura katika chuo kimoja hapa Mbeya, vijana wanaojiandaa kupanda gari la wagonjwa. Darasani wako moto. Waulize hatua, watakutiririshia kama wanakariri sala: usalama wa eneo kwanza, halafu njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, mwisho mfunue mgonjwa umkague mwili mzima. Kukandamiza kifua ndiyo usiseme, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, mkono haupindi. Tatizo ni kwamba wanamkandamiza mdoli. Mdoli hana shemeji wa kupiga mayowe pembeni, na akifa anafutwa vumbi anarudishwa kabatini. Nikasema hawa lazima waonje barabara.

Mpango ulikuwa mwepesi. Jumamosi ya mwezi wa saba, njia ya vumbi huko nyuma ya Uyole, katikati ya mashamba ya viazi, mimi nilale chini kama majeruhi wa pikipiki. Mwalimu mwenzangu asimame jirani, awaeleze wapita njia kuwa haya ni mazoezi, kisha awapigie simu wanafunzi waje na Noah ya chuo. Simu yangu akae nayo yeye, maana maiti mtarajiwa haiti "haloo".

Damu niliitengeneza mwenyewe. Rangi za dukani niliziona gharama za bure wakati nyumbani kuna rozela. Nikachemsha sufuria zima, nikaongeza sukari nusu kilo ili iwe nzito, na unga wa ngano kidogo ili igande. Mke wangu akachungulia jikoni, akauliza, "Unapika jamu?" Nikamwambia napika ajali. Ilitoka damu safi, inang'aa, ukiimwaga inajikusanya pembeni kama ya kweli. Hadi leo naisifia.

Jambo moja zaidi, nalo liweke pembeni tutalirudia: baridi ya Uyole mwezi wa saba haijadiliani na mtu. Kulala chini asubuhi ile kwa suruali peke yake ilikuwa ni kutafuta ugonjwa wa kweli. Nikavaa taiti ya mke wangu ndani. Ya pinki. Ina maua.

Saa nne na nusu nikajilaza, majivu usoni nionekane nimepauka, damu kichwani, lita nzima imemwagika chini, kiatu kimoja nimekitupa mtaroni. Mwenzangu akanitazama, akasema, "Kaka, umekufa vizuri." Kisha akasema anakwenda mara moja kununua karanga. Sikumwona tena siku hiyo.

Jua likapanda sawasawa, na nyuki nao wakaamka.

Wa kwanza alitua sikioni. Nikavumilia, mimi mwalimu. Wa pili alitua mdomoni. Wa tatu aliingia kwenye ukosi wa shati, na hapo mguu ukaruka wenyewe, halafu mkono, halafu kichwa. Wakati huohuo kina mama watatu walikuwa wanatoka gulioni na mabeseni kichwani.

"Ee Kyala! Mtu amekufa!"

"Hajafa, anatikisika. Kifafa hicho!"

Kila muhula nafundisha hivi: anayetikiswa na kifafa usimtie kitu mdomoni. Unaweza kumvunja meno au kumziba hewa. Msogezee mbali vitu vya kumuumiza, akitulia mlaze ubavu. Basi yule mama mkubwa akatoa kwenye beseni lake mwiko mpya, hata bei bado imeandikwa kwa chaki, akanipachika kati ya meno. Mwalimu mzima nimelala na mwiko mdomoni, somo ninalo lakini pa kulitolea hakuna. Mwingine akanimwagia maji ya baridi. Wa tatu akakata kitunguu kwa meno yake mwenyewe, akanishindilia puani.

Pembeni kulikuwa na mtoto wa miaka mitano hivi. Huyu ndiye peke yake aliyefanya uchunguzi wa maana siku ile. Alichovya kidole kwenye damu, akalamba.

"Mama! Damu ya huyu baba ni tamu!"

Mama yake akampiga kibao cha mkono. Lakini mzee mmoja aliyekuwa amesimama na baiskeli akatikisa kichwa kwa huzuni. "Basi ana kisukari," akasema. "Marehemu kaka yangu naye alianza hivihivi."

Nikautema mwiko. "Jamani, mimi mzima! Haya ni mazoezi! Mimi ni mwalimu!"

Kimya kikapita. Halafu mama mkubwa akasema kwa sauti ya chini, "Anaweweseka. Ubongo umeguswa."

Nikajaribu kukaa, wakanilaza. Nikawaambia damu ni rozela, wakatazamana. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyozidi kuniombea, na mmoja alishaanza wimbo wa kanisani, ule wanaouimba kwenye misiba. Bodaboda mmoja akasimama, akaulizwa kama anaweza kumwahisha mtu mjini, akasema kwa hali hiyo ni elfu tano. Wakanipakia mshikaki, dereva mbele, mimi katikati, kijana wa kunishika nyuma. Nawafundisha wanafunzi kwamba majeruhi wa pikipiki shingo yake isichezeshwe hadi athibitishwe salama. Shingo yangu kutoka Uyole ilining'inia kama ya kuku wa sikukuu, na nyuki watatu wanatufuata kama msafara wa kiongozi.

Hospitali gani sitasema, maana watu wale walifanya kazi yao. Nikalazwa kitandani, nesi wa zamu akaja mbio, kijana mwanafunzi nyuma yake.

"Baba, unanisikia?"

"Nakusikia vizuri, dada yangu, mimi sijaumia popote..."

"Yuko macho, anajibu," akamwambia kijana. "Lakini majeruhi wa kichwa akikwambia hajaumia, usimwamini haraka. Kague."

Moyoni nikasema, huyu amefundishwa vizuri. Njia ya hewa akaikagua, kifua akakisikiliza, mapigo akahesabu. Mapigo yalikuwa 118, ungekuwa wewe yangekuwa mangapi? Kisha akachukua mkasi. Hatua ya mwisho, mfunue mgonjwa. Nikaishika suruali kwa mikono miwili, suruali niliyoibahatisha kwenye mitumba ya Mwanjelwa wiki ile ile, akanitoa mikono kwa upole kama mtu aliyezoea, mkasi ukapanda kutoka pindo hadi kiunoni.

Maua yakajitokeza.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo liliniuma. Nesi alimeza mate, akamwambia kijana, "Andika, mguu wa kulia hauna jeraha," akaendelea kukata taiti.

Bodaboda, aliyekuwa anasubiri hela yake mlangoni, akakumbuka kutoa taarifa. "Dada, wale wamama walisema ana kisukari. Damu yake imelambwa, ni tamu."

Kijana mwanafunzi akashika kidole changu, akakichoma palepale kilivyo, kimejaa rozela, akatia tone kwenye kipimo. Kipimo kikahesabu, kikaandika HI. Maana yake sukari imepita mwisho wa kipimo kusoma, na vipimo vingi mwisho wake ni milimoli 33.3 kwa lita. Mtu mzima asiye na kisukari huwa kwenye 4 hadi 7 hivi.

Bodaboda akachungulia. "Afadhali," akasema, "hata mashine imemsalimia."

Lakini nesi uso ulibadilika. Wakaanza kutafuta mshipa wa drip, na nikasikia neno insulini. Hapo mchezo ukaisha. Ukimpiga insulini mtu ambaye sukari yake iko sawa, unaishusha hadi apoteze fahamu, na hiyo haitakuwa rozela tena. Nikainuka nusu, nimevaa nusu suruali, nikapiga kelele iliyosikika hadi dirisha la dawa:

"Osha kidole! Sabuni na maji, kausha, futa tone la kwanza, pima la pili! Mara ngapi nimesema kidole kichafu kinadanganya?"

Nesi akaganda. Akachukua pamba yenye maji, akanifuta majivu usoni polepole, kipande kwa kipande, kama anafuta ubao.

"Mwalimu?"

Alikuwa mwanafunzi wangu. Sura hakuitambua chini ya majivu, lakini kelele za kidole alizitambua, maana aliwahi kukosa alama mbili za mtihani kwa sababu hiyohiyo. Akaniosha kidole, akapima upya. 5.4. Kisha akatoka nje ya pazia akasema anafuata karatasi, nikasikia viatu vinakimbia, halafu kicheko cha mtu aliyejizuia tangu kwenye maua.

Nikaazima simu, nikampigia kiongozi wa darasa. Akaripoti kwa nidhamu, "Mwalimu, tumefika eneo la tukio. Eneo ni salama ila lina nyuki. Damu ni nyingi, mgonjwa hayupo. Tumepata kiatu cha kushoto namba 42. Kuna mama anadai mwiko wake. Tuendelee na hatua gani?"

Mke wangu alifika saa nane na suruali nyingine mkononi. Akanitazama mimi, akatazama vile vipande vya pinki kwenye beseni chini ya kitanda, akaviinua kwa vidole viwili.

"Nilisema umepika jamu," akasema, "ukabisha."

Nje, bodaboda bado alikuwa amekaa. Nikampa elfu tano. Akasema ni saba. Nikauliza mbili za nini, akanionyesha siti kwa kidevu. Nyuki walikuwa wameshahamia pale wote.