Kabla ya kumpa kinda mkate na maziwa

Mvua za Machi hadi Mei zikianza, viota vya mnana huanguka kutoka kwenye miti ya Kisumu na Nakuru, na watu wenye huruma huokota makinda na kukimbia nao jikoni. Huruma hiyo ni njema, ila jikoni ndiko kunakoharibikia mambo. Kabla ya kuuliza kinda anakula nini, uliza kwanza wazazi wake wako wapi, maana wengi wanaoitwa yatima si yatima.

Kinda mwenye manyoya na mkia mfupi, anayerukaruka chini, ameshatoka kiotani kwa wakati wake. Wazazi huendelea kumlisha hapo hapo chini kwa siku kadhaa. Mtoe barabarani au mbele ya paka, mweke kwenye kichaka cha karibu, kisha ondoka. Aliye uchi, macho yamefumba, mrudishe kiotani. Habari kwamba mama atamkataa kwa sababu ameguswa na mkono wa mtu si kweli. Kiota kikiwa kimevunjika, chukua kikapu kidogo, toboa matundu chini ili maji yasituame, tandika nyasi kavu na ukifunge kwenye mti ule ule. Halafu tazama kutoka mbali kwa saa moja au mbili. Ukisimama chini ya mti, wazazi hawaji.

Yatima wa kweli ni yule ambaye wazazi wamekufa au hawakurudi. Aliyeng'atwa na paka naye asirudishwe hata kama jeraha halionekani: mate ya paka yana bakteria wanaoua ndege upesi, na anahitaji dawa siku hiyo hiyo.

Joto huja kabla ya chakula. Kinda aliyepoa hawezi kusaga chakula. Kitakaa kwenye gole, yaani kifuko cha chakula kilicho kooni, na kuchacha. Aliye uchi anahitaji nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Jaza chupa maji moto, izungushie taulo, iweke upande mmoja wa sanduku la kadibodi lenye matundu ya hewa. Akihema mdomo wazi, joto limezidi. Mlaze ndani ya bakuli dogo lililojazwa karatasi laini, miguu ikiwa imekunjwa chini yake. Kwenye sakafu tambarare miguu hutanuka pembeni, na ikikomaa hivyo hatasimama.

Maji usimdondoshee mdomoni. Akifungua mdomo, tazama nyuma ya ulimi: kuna kitundu kinachofunguka na kufumba. Hiyo ndiyo njia ya hewa, na tone moja likiingia humo linafika mapafuni. Maji atayapata kwenye chakula.

Sasa chakula. Ndege hana uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, na mkate humjaza tumbo bila kumjenga. Hata mnana na shomoro, ambao wakubwa wao hula mbegu, huwalisha makinda wao wadudu. Loweka chakula kikavu cha paka mpaka kiwe laini kama sponji, changanya na yai la kuchemsha, mpe vipande vidogo kwa kibanio butu. Kumbikumbi na panzi ni wazuri, mradi hawakutoka shamba lililopuliziwa dawa. Wadudu wana kalsiamu kidogo, kwa hiyo ongeza unga kidogo wa ganda la yai, la sivyo mifupa hupinda. Aliye uchi hula kila nusu saa, alfajiri hadi magharibi. Usiku aachwe alale. Ni kazi ya kutwa nzima, na hatuoni aibu kusema kwamba watu wengi hawataiweza nyumbani. Njiwa na tetere ni habari nyingine kabisa: hawaachami, huchomeka mdomo ndani ya koo la mzazi kunywa uji wa goleni. Hao wapelekwe kwa wanaojua.

Linalotuuma zaidi ni korongo taji. Kinda wake huacha kiota mapema sana baada ya kuanguliwa, na hatari ikija hulala kimya kwenye nyasi za bwawani. Mtu humwona, humdhania amepotea, humbeba. Akilelewa na watu hujiona mtu, na baadaye hawezi kuishi na wenzake. Ndege huyu yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka duniani, na Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 hairuhusu kumfuga bila kibali. Mwache alipo, rudi nyuma, wazazi watamfuata.

Ukilazimika kusafirisha kinda yeyote, pigia kwanza ofisi iliyo karibu ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori Kenya. Funika sanduku, zima redio ya gari, na uandike juu yake mahali hasa alipookotwa, saa, na chochote alichokwisha kulishwa. Akipona, atarudishwa pale pale.