Msiziteketeze pumba mpaka ziwe majivu

Msimu wa kukoboa ukifika, ukipita Igurusi kwenye barabara kuu ya Mbeya unakutana na moshi kabla hujaiona mashine yenyewe. Ni pumba za mpunga zimerundikwa kama vichuguu, zimewashwa ili ipatikane nafasi ya kumwaga nyingine. Zinafuka mchana kutwa na usiku kucha, majirani wanakohoa, na mwisho linabaki jivu jeupe la kupeperushwa na upepo. Jambo hili linanikera mno, kwa sababu pumba hizo zingeweza kugeuzwa bayocha, yaani makaa ya kuboresha udongo, na baadhi ya wanaochoma ndio hao hao utakaowakuta kwenye foleni ya mbolea ya ruzuku wakilalamika kwamba udongo umechoka.

Na kweli umechoka. Udongo mwekundu wa nyanda za juu umelowa mvua miaka nenda miaka rudi, umejaa tindikali, na mfinyanzi wake hauna nguvu ya kushika virutubisho. Unaweka mbolea leo, mvua kubwa inapiga kesho, chakula cha mmea kinazama kusikofikiwa na mizizi. Samadi inasaidia, ila kwa joto letu inaoza upesi na kuisha. Bayocha haiishi hivyo. Ni mabaki ya mimea, kama hizo pumba, yaliyochomwa kwa hewa kidogo yakawa makaa badala ya jivu. Yana vitundu visivyoonekana kwa macho vinavyoshika maji na mbolea, yanapunguza tindikali, na yanaweza kukaa ardhini mamia ya miaka. Wenyeji wa Amazoni waliacha makaa kwenye mashamba yao kabla Wazungu hawajafika, na udongo ule mweusi unalimwa hadi leo. Magharibi mwa Kenya watafiti walipoiweka kwenye mashamba yaliyochoka zaidi, mavuno ya mahindi yalikaribia kuwa maradufu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2017 ulikuta ongezeko la wastani wa asilimia 25 katika nchi za joto, huku nchi za baridi zikiambulia patupu. Hii ni nafasi yetu sisi, jamani, na tunaichoma!

Mpunga wa kilo 100 unatoa pumba za kilo 20 hivi. Kuzigeuza bayocha hakuhitaji mtambo. Toboa debe matundu pande zote, lisimikie bomba la moshi juu, washa moto ndani, kisha lizungushie pumba. Zitaanza kuwa nyeusi karibu na debe, weusi utasambaa kwenda nje. Usiondoke. Geuza kwa koleo, na ukiona zote nyeusi na kingo zinaanza kupauka, mwaga maji mengi na utandaze. Ukichelewa hapo, umepata jivu.

Halafu kuna kosa linalowakatisha wengi tamaa: kuipeleka shambani ikiwa tupu. Bayocha tupu hunyonya naitrojeni iliyopo, mahindi yakawa ya njano, na mkulima akaapa hatairudia. Ichanganye kwanza na samadi au mkojo wa ng'ombe, ikae wiki kadhaa, ndipo uitie kwenye mashimo ya kupandia. Na mbolea usiiache. Bayocha kazi yake ni kuifanya isipotee.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba pumba nyingine zina kazi tayari: za kuchomea matofali, za kutandika mabanda ya kuku. Hizo ziacheni. Anayetaka kukata miti atengeneze bayocha, huyo simuungi mkono hata kidogo. Na wanaokuja kuongea biashara ya hewa ya ukaa, watuambie kwanza mkulima anabaki na shilingi ngapi.

Ninachowaomba wenye mashine ni kidogo sana. Kijana mnayemlipa kuwasha rundo, mlipeni abaki hapo na koleo na ndoo za maji. Maafisa ugani nao watenge matuta mawili kwenye shamba darasa la kata, moja lenye bayocha iliyochanganywa na samadi au mkojo na jingine bila, mbegu moja, mbolea ile ile. Wakati wa kuvuna wapime mbele ya wakulima wote.